Kimea Hakikukukataa, Bibi

Bukene, Jumapili baada ya misa

Bibi,

Shikamoo. Nimeandika shikamoo nikangoja marahaba, kama mjinga. Shuleni tunafundishwa kwamba barua huanza kwa kuuliza hali ya unayemwandikia, ya Kiswahili na ya Kiingereza vilevile. Sasa wewe nikuulize hali gani? Basi nitaanza na lile nililokuja kusema, maana nikizungukazunguka sitafika. Unanijua.

Mtama ule ulikuwa umekufa, Bibi. Haikuwa mikono yako. Na mimi nilijua.

Haya, nimeandika. Ngoja nieleze vizuri, maana hata Mama nilipomwambia alinishika bega akasema, "Eleza polepole, unameza maneno."

Unakumbuka ile likizo ya katikati ya mwaka, tulipokuwa tumemaliza misimu miwili tangu tuhamishiwe kijijini. Bwana Zakayo, karani wa kituo cha kununulia mazao pale relini, alikuwa anatafuta mtu wa kumsomea karatasi ya Kiingereza. Mwalimu wa shule ya kijiji akamwambia, mchukue mjukuu wa Bibi Nyamizi, haongei lakini anasoma. Ulifurahi kuliko mimi. Ulikwenda kisimani ukitangaza, kwa utani wetu wa bibi na mjukuu, "Mke mwenzangu sasa ni karani!" Watu wakakuuliza huyo mke mwenzako atamwandikaje mtu na hawezi hata kumtazama usoni. Ukawajibu kwamba karatasi haina macho.

Hukuniuliza kazi yenyewe ilikuwa ipi. Ndiyo hii. Kulikuwa na kiwanda cha pombe huko mbali, treni iendako, kilichotaka mtama wa kuotesha uwe kimea. Hakikutaka mtama wowote tu. Karatasi ilisema: katika kila shehena chota punje mia moja, zipange juu ya kitambaa chenye maji, zifunike, ngoja siku tatu, kisha hesabu zilizoota. Shehena iliyoota karibu punje zote ilitiwa alama nyekundu ikapanda treni. Iliyoota chache ilikwenda duka la kijiji, iuzwe kwa chakula. Kwa ugali hakuna ubaya wowote, punje hai na punje iliyokufa ukizisaga ni unga mmoja. Lakini wewe hukununua kwa ajili ya ugali.

Kulikuwa na shehena moja iliyolala nyuma ya ghala, chini ya bati linalovuja. Ule mtama ulilowana masika, ukapata joto ndani ya magunia, kisha ukakaushwa ukarudi kuwa mweupe na mzuri kama mwingine. Niliupanga kwenye kitambaa. Siku ya tatu nikafunua, nikakuta zimeota punje kumi na mbili. Nilidhani nimekosea, nikapanga tena. Nikapata tisa. Bwana Zakayo akasema, "Dukani." Nikaandika namba ya shehena juu ya magunia kwa wino, kwa mkono wangu.

Ijumaa ile nimerudi nyumbani nakukuta umeinama uani, unaloweka mtama. Pembeni pana gunia tupu limekunjwa. Nikaiona namba. Nikaiona ile saba yangu yenye mkia, ambayo Mwalimu kila siku huikemea.

Bibi, nilichosema ni "Nikusaidie maji?" Basi. Hicho tu.

Ungewezaje kujua? Hukuwahi kununua mtama maishani mwako. Kule mahameni kwetu mtama wa kimea ulitoka shambani kwako, uliujua tangu ukiwa majani, ukachagua masuke ukayaning'iniza juu ya moto mwenyewe. Hapa shamba ni la kijiji, mavuno ya kijiji, na mazao yakishapimwa yanaondoka. Uliuma punje moja ukasema unga wake mtamu. Ukaufunika kwa majani ukauacha, kama siku zote.

Siku ya nne ulipofunua haikutoka ile harufu ya majani mabichi. Ulitoka uvundo. Ukamwaga, ukaosha tenga, ukanunua tena. Na mara ya tatu. Kimea kidogo ulichopata ulikitia kwenye uji, pombe ikalala, haikupanda. Ukaonja wewe kwanza kama desturi ya mpishi, ukameza, ukawapa wageni kwa uso mkavu. Mzee mmoja aliyezoea kukaa kwenye kile kigoda cha mlangoni akauliza, "Bibi Nyamizi, leo tunakunywa au tunamlisha mgonjwa?" Watu wakaanguka kwa kicheko. Nawe ulicheka. Walipoondoka ulikaa ukiutazama mwiko.

Utauliza kwa nini nilinyamaza. Nimejiuliza mpaka nimechoka. Bwana Zakayo alikuwa ameniambia kwamba mambo ya ofisini hayatoki ofisini, na kwamba atanifanyia barua nzuri ya kupeleka shuleni. Hiyo ni nusu. Nusu nyingine ni mbaya zaidi. Nilijua nikikwambia utajifunga kanga kiunoni utoke mbio mpaka kituoni, ukampigie kelele karani kwa Kinyamwezi mbele ya wapagazi wote, na watu waseme huyu ndiye bibi yake yule msichana wa Kiingereza. Nilikuonea aibu kabla hujafanya lolote. Hili sijamwambia padri. Nakwambia wewe kwanza.

Halafu akaja yule mkaguzi wa kiwanda, kijana mwenye soksi ndefu, akaletwa kwetu kuona pombe ya kienyeji inavyopikwa. Alikupa bia ya chupa. Ulionja ukakunja uso ukauliza, "Chungu hivi! Nani amefariki?" Akacheka, akasema uchungu ule ni wa maua, maua makavu yanayotoka Ulaya kwenye magunia, yanaitwa hopsi. Wewe ukapiga makofi. "Maua! Jamani, Wazungu wanakunywa mashada ya kaburini!" Mkaguzi akanogewa na mazungumzo. Akasema huko alikosomea wako watu wanaopika bia majumbani mwao kama wewe, lakini shida yao ni moja: maua mapya yenye harufu yote huchukuliwa na viwanda vikubwa, mtu wa nyumbani akiuziwa yaliyobaki, yamechakaa, hayanukii kitu, na bia ikiharibika anajilaumu mwenyewe. Ukatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Pole yao maskini. Sisi kimea tunachagua wenyewe."

Nilikuwa nimekaa hapo hapo, Bibi. Niliangalia miguu yangu.

Baada ya hapo ndipo ulipoanza kutembea. Kwa mila yako kimea hukataa kuota katika nyumba ambayo mpishi ana kinyongo na mtu, au mtu ana kinyongo naye. Kwa hiyo ulikwenda nyumba saba kuomba radhi, kwa makosa uliyoyakumbuka na mengine uliyoyatunga ili uwe na la kuombea. Kwa Mama Shija, jirani yetu na mpishi mwenzako, uliomba radhi kwa ugomvi wa kuku wa miaka iliyopita. Kwa Bibi Mbula, mdogo wako wa tumbo moja, ulifanya jambo ambalo hukuwahi kulifanya. Miaka yote anasema wewe ndiye uliyemsengenya kwa wakwe zake mpaka akaachika, na miaka yote ulikataa. Safari hii ulipiga magoti ukasema, "Kama ni mimi, nisamehe."

Jioni yake ukanigeukia mimi, tukiwa tunapepeta. "Mke mwenzangu, nimebakiwa na wewe. Nimekukosea nini?"

Nikasema, "Hakuna, Bibi."

Hukuloweka mtama tena. Ulimpa Mama mtungi wako mkubwa wa pombe atilie maji. Nikarudi shule Tabora na barua nzuri ya Bwana Zakayo, na mvua zilipoanza kifua kikakubana. Ujumbe ulinifikia kwa kuchelewa, nikapanda treni nikiwa na sare, nikashuka hapa siku mbili baada ya wewe kuzikwa. Mama alisema katika siku za mwisho ulikuwa unaitazama mikono yako, unaigeuza, unasema imepoa. Aliniambia hivyo kunifariji, akidhani ni habari ya homa.

Sasa nikupe habari za baada yako. Ilipokaribia siku ya kuondoa tanga wanawake walikaa kupanga pombe ya watu. Mama Shija akasema tusihangaike kupika hapa, nyumba hii kimea kilishaikataa, tupike kwake, tena pombe ya asali, mtama ameshauchoka. Wengine wakaitikia, kweli, kweli. Mama aliinamisha kichwa. Na mimi nikasikia sauti inatoka, nikashtuka kwamba ni yangu. Nikasema sio nyumba, ni mtama. Nilikuwa naiambia sakafu.

"Sema tusikie, mtoto," Mama Shija akanikatiza, "au umeolewa na panya?"

Nikasema tena, kwa Kinyamwezi, ili lisipatikane neno la kujificha nyuma yake. Nikawaeleza kitambaa, punje mia, kumi na mbili, tisa. Alama nyekundu zinapanda treni, zisizo na alama zinakuja dukani kwetu. Nikasema niliiona namba kwenye gunia la Bibi na sikusema.

Nilingoja kofi. Halafu Mama Shija akauliza, polepole, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, "Na magunia hayo walinunua nani wengine?"

Kumbe alinunua yeye. Kumbe alimwaga mara mbili, akafukia nyuma ya choo mtu asione, ndipo akaanza kusema mtama ameuchoka. Mwingine naye akasema. Na mwingine. Wanawake wanne, Bibi, kila mmoja alikuwa amefukia kimea chake kwa siri akiamini ni yeye peke yake, na walikuwa wakikucheka wewe kwa kuwa wewe hukuficha. Mama Shija alilia. Kisha akafuta uso akanigeukia: "Na wewe ulikaa na hilo jambo! Msimu mzima!" Wakanisema mpaka nikatamani sakafu inimeze. Sikujitetea. Mama naye hakunitetea, na alifanya sawa.

Usidhani mambo yamenyooka. Walikwenda dukani na vitambaa vyao, wakataka kupima kabla ya kununua. Mwenye duka akasema yeye anauza chakula, hauzi kimea. Bwana Zakayo akanipitia njiani akasema kwamba amejifunza kutomwamini mtu mkimya, na kwamba likizo ijayo nisijisumbue kufika kituoni. Mtama hai bado unapanda treni kila Jumanne. Siku moja nilisimama relini nikayaona magunia yenye alama nyekundu yanapakiwa, na tumevuna sisi, kwa majembe yetu, na redio ya ofisi ya kijiji inasema kujitegemea, kujitegemea. Sina akili ya kujua nani wa kulaumiwa. Kila mtu alifuata karatasi yake. Hata mimi nilifuata karatasi, tena niliisoma vizuri kuliko wote.

Jambo moja nimeona naliweza. Zile nyumba saba ulizokwenda kuomba radhi, nazipitia mimi. Nabisha hodi, naamkia, nasema: Bibi Nyamizi alikuja hapa kuomba radhi kwa sababu ya kimea. Kimea kiliharibika kwa mtama mbovu, hapakuwa na kosa lake, na aliyejua ni mimi. Nimekwisha kwenda sita. Nyumba moja walinipa karanga. Nyumba moja walinifungia mlango. Yule mzee wa kigodani alisema, "Na mimi nilimwita mpika uji," akaingia ndani asitoke tena.

Imebaki ya Bibi Mbula. Nimeiacha ya mwisho kwa woga. Tangu upige magoti kwake hana habari nyingine kisimani: "Nyamizi alikiri mwenyewe, kwa mdomo wake." Na wewe huko uliko huwezi kumjibu. Mama anasema niache, ni dada yako, ni mzee, ana ulimi, atanitoa mbio, na watu watasema mtoto wa juzi anawasuluhisha wakubwa. Labda. Nimejaribu kuyasema yale maneno nikiwa peke yangu nyuma ya nyumba, na hata huko peke yangu nimekwama kwenye shikamoo.

Lakini uongo huo nimeulea mimi. Laiti ningesema siku ile ya gunia, usingepiga magoti.

Nakuaga hapa, Bibi, kengele ya mchana imelia na Mama ananiita. Sitakuahidi ujasiri, maana sina, na wewe ungecheka. Naahidi hivi: kesho asubuhi, kabla hajatoka kwenda kisimani, nitakuwa mlangoni kwa Bibi Mbula. Nikitetemeka nitasema nikitetemeka. Akinifukuza nitasimama njiani niseme kwa sauti ya kusikika mpaka nyumba ya pili, nikiwa na kanga yako nimeifunga kiunoni, na watu waniite mjukuu wa nani wapendavyo.

Lala salama.

Mke mwenzako,
Kalunde