Plagi ya Besi

Jumapili, saa tatu usiku

Na leo tena wamechomoa plagi ya spika yangu, ati wachemshe chai ya wageni wa askofu waliotoka Nakuru. Sawa, hapa Molo ni baridi. Lakini extension ya kanisa ina plagi nne, na kila Jumapili ni ya gitaa langu la besi tu ndiyo huonekana haina kazi.

Niligundua wimbo wa kwanza ukiwa umeshaanza. Ningeenda wapi, na kwaya imesimama? Nikafunga macho nikapiga nyuzi ibada nzima kama mtu aliyejaa Roho. Sauti, sufuri. Miaka kumi na mbili na hii gitaa, leo nimekuwa muigizaji.

Hakuna aliyeshtuka. Pasta amenishika mkono mlangoni: "Brother, leo besi ilikuwa imetulia! Ukae hivyo hivyo."

Asante, pasta. Nitajitahidi nisisikike zaidi.

Nimeanza kujiuliza kama miaka hii yote kuna mtu...

Niliporudi ndani kukunja waya, Mama Nekesa akaja na mkongojo wake. Masikio yake yalikufa kitambo. Hukaa benchi ya mbele, kando ya spika yangu, viatu amevua. Mimi nilidhani miguu humvimba.

"Kijana," akaniuliza kwa sauti kubwa, kanisa lote likageuka, "leo ulikuwa mgonjwa? Nimengoja wimbo kwa miguu, haukuja."

Jumapili ijayo chai wapikie kwa makaa. Hiyo plagi ni ya Mama Nekesa.