Baba Rukia, Nikahi Ni Jumamosi

Kwako Baba Rukia,

Nakuandikia hadharani kwa sababu simu zangu hupokei, na kwa sababu kila Mswahili wa hapa Birmingham ananiuliza habari zako. Walishakuzoea, yule Mtaliano wa mtaa wa Shard End aliyesilimu, anayenyoa miguu. Nimemweleza shangazi yangu kwamba ndiyo desturi ya wakimbiaji wa baiskeli, mpaka leo hajaielewa hiyo miguu.

Nilipokujua nilikuwa nafanya usafi kwenye hoteli moja kaskazini mwa Italia, timu yenu ya mbio za baiskeli ikalala pale. Wenzako walikuwa mezani wanakula, wewe bado unapandisha mabegi ya nahodha wenu. Nikakuuliza, "Wewe mpagazi?" Ukacheka. "Ndiyo, ila wa baiskeli."

Ukanieleza kwamba kazi yako inaitwa gregario: kumkinga nahodha na upepo, kumletea chupa za maji, na gurudumu lake likipasuka, kumpa lako. Miaka yote uliyokimbia, watangazaji walilitaja jina lako pale ulipoanguka tu.

Siku moja niliona kabisa kwamba utashinda. Nilisimama kwenye kona ya mwisho ya mlima, mvua inanyesha. Mlikuwa wachache mbele, na mwenye nguvu kuliko wote ulikuwa wewe. Nahodha akapata pancha nyuma yako kidogo, gari la timu liko mbali. Wakubwa wa timu wakakuamuru kwenye redio ya sikioni usimame, ukasimama. Ukafungua gurudumu lako la mbele, ukampa, ukabaki pembeni ya barabara na nusu baiskeli, wenzako wanakupita. Nilikasirika kuliko wewe. "Ndiyo kazi," ulisema. Nikakupenda hapohapo, mjinga mimi.

Ulipostaafu tukahamia huku, ukafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli kule Kingstanding. Rukia ulimfundisha kuendesha kando ya mfereji, unakimbia nyuma umeshika kiti. "Don't let go, Baba!" Na wewe, kwa Kiswahili chako cha lafudhi, "Nimekushika, mama, nimekushika." Siku zile tulikuwa na raha.

Halafu nahodha, ambaye sasa ni meneja wa timu, akapiga simu. Anataka dereva wa gari la timu. Wiki hiyohiyo ukaondoka. Talaka ilikuja baadaye, kwa adabu, wala sikulia sana. Leo nalitazama jambo lile bila hasira. Ulifundishwa kumsubiri mtu mmoja, na mtu huyo hakuwa mimi.

Lakini Jumamosi Rukia anaolewa, na walii wake wa kumwozesha ni wewe. Juzi ukampigia imamu: siku hiyo kuna mbio, nahodha hawezi bila wewe, basi kaka yangu awe wakili wako. Kisheria inatosha. Kaka ameshanunua na kanzu.

Nikamwambia Rukia tutaanza baada ya adhuhuri. Akasema, "No, Mum. Tunamsubiri." Mpaka saa ngapi? Mpaka ufike. Bwana harusi amekubali, wageni watakula kwanza. Ningekuwa mimi nisingekusubiri, nakwambia kweli. Ila nikahi si yangu. Pilau litaliwa, watu watakwenda zao, na mwanao atabaki amekaa palepale na hina yake mikononi, hajaolewa, mpaka uingie.

Nakutakia barabara nzuri, popote lilipo hilo gari.

Mtalaka wako,
Mama Rukia