Mama Amewachoma Funza Wangu

Milembe, Mama amewachoma funza wangu. WOTE!

Narudi nyumbani Dutwa kutoka Bariadi mjini, namkuta anachoma masalia ya pamba, na kopo langu limo motoni. Kopo la utafiti!!

Nimelia mbele ya majirani, mtu mzima mimi. Mama eti, "Ng'wanone, mwanangu, funza wa vitumba vya pamba unamfuga chini ya kitanda changu?" Chini ya kitanda changu. Kasema mara tatu.

Nikapandwa na hasira, nikamwambia: Mama, walikuwa ndani ya ganda wanageuka kuwa nondo! Kila tawi la neva zao lina kiunzi ndani yake, vijimirija vidogo mno. Hivyo vikivunjika kwanza, ndipo tawi la zamani linakatika, liote jipya la kurukia. Ilibaki siku moja tu niwapime!

Na msimamizi wangu wa chuo anakuja kesho. KESHO.

Mama kachochea moto. Halafu polepole: "Kwa hiyo anavunjika ndani, anasahau kutambaa, ndiyo anaruka?"

Nikasema ndiyo.

"Na wewe ulianza kuvunjika lini, ukasahau? Maana mwaka ule funza huyo alipomaliza shamba letu la pamba tukalala njaa, ulikuwepo."

Nipo nje. Nilikuwepo, Milembe. Nimjibu nini?