Mkeka Nje ya Mlango wa Mfinyanzi

Kummaripalem,
20 Januari 1957

Mwanangu Sesha,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi ni wazima, ila goti la baba yako linamsumbua tangu baridi ianze, na mwandiko wangu bado ni ule wa darasa la pili, utanivumilia. Wewe hujambo? Unakula? Unalala?

Nauliza habari ya kula kwa sababu mama yako mdogo Kotamma amerudi kutoka Madras alikokwenda kutibiwa macho, na maneno yake yamenivuruga. Anasema alikusubiri langoni kwenye studio yenu ya sinema, akakuona unashuka garini tumbo limetangulia. Nikamwambia, Kotamma, wewe ulipelekwa huko kwa sababu huoni. Akasema, "Nilikuwa nimeshatibiwa, dada. Na alikuwa anatafuna ukwaju."

Sasa sielewi. Hujaolewa, au umeolewa na mimi ndiye wa mwisho kujua? Baba yako hajasikia. Unajua tangu ulipoondoka na kile kikundi cha maigizo anasema yeye hana binti, na miaka yote hii namjibu, "Sawa, huna, nipe chumvi." Lakini hili sijui nitalifunika na nini.

Jibu upesi.

Mama yako


Madras,
4 Februari 1957

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na goti la baba lipakwe mafuta ya ufuta ya moto, asibishe.

Mwambie mama mdogo macho yake yamepona kweli, lakini alichokiona ni mto. Mto wa kulalia, mama, umejazwa pamba, wananifunga kiunoni chini ya sari. Tunapiga sinema ya Ponnamma. Ndiyo, Ponnamma wetu, malkia aliyefukuzwa na mumewe akiwa na mimba kwa ajili ya umbeya wa watu, akazalia kwenye kibanda cha mfinyanzi, na leo tunamwabudu na kumvunjia nazi. Waliponichagua nililia. Kwenye mabango wataandika Mandara Devi, jina nililopewa na mwenye studio, na hakuna hapa anayejua kwamba nimekulia kwenye udongo wa wafinyanzi haohao. Juzi mwongozaji alinifundisha namna mwanamke wa kifinyanzi anavyoketi kando ya gurudumu. Alikosea. Nikaketi kama unavyoketi wewe, akasema nina kipaji.

Kwa kuwa nacheza mungu, nimekatazwa samaki hadi tumalize, na nisionekane na mwanamume yeyote. Asubuhi wafanyakazi wananigusa miguu kwa heshima, mchana wananifokea nikisahau maneno. Ikifika jioni hata mimi sijui niitike jina lipi.

Usiwe na wasiwasi. Ni mto tu.

Mwanao Sesha


Kummaripalem,
18 Februari 1957

Sesha wangu,

Tu wazima, na mafuta ya ufuta yamesaidia ingawa baba yako anasema ni jua.

Barua yako nimeisoma hadi imelainika. Nikafurahi, nikampelekea Kotamma habari ya mto. Akanitazama akaniuliza, "Na huo mto ndio uliokuwa unatamani ukwaju?" Mwanangu, tangu hapo sina raha. Nikiamini ni mto, ukwaju unanijia. Nikiamini ni mimba, nakuona ukicheka na ule mto kiunoni.

Basi nakutumia chupa ya achari ya ukwaju. Kama ni mto, wagawie wenzako. Kama si mto, kula yote.

Baba yako amesikia mtaani kwamba kuna sinema ya Ponnamma. Hakuuliza nani anacheza malkia. Aliuliza nani anacheza mfinyanzi, na kama watamwonyesha vizuri. "Sisi ndio tuliomfungulia mlango," anasema, kama vile alikuwepo. Unamjua na mkeka wake: kila sikukuu ya Ponnamma lazima autandike nje ya mlango, na chungu cha maji ya moto kando, malkia asije akarudi akakuta hatujajiandaa.

Mama yako


Madras,
30 Machi 1957

Mama,

Shikamoo. Natumaini wote mnaendelea vizuri.

Achari nimekula yote.

Wiki iliyopita tulimaliza kupiga picha. Yule mama anayetuvisha nguo za kuigizia akanifungua ule mto, na mto ulipotoka, tumbo lilibaki. Akalitazama, akanitazama, akanikumbatia. Nilikuwa na mimba ya kweli chini ya mimba ya uongo, na nilipokuandikia ni mto tu nilikuwa natamani iwe hivyo.

Nimeolewa, mama. Anaitwa Prabhudas, fundi wa sauti, Mkristo wa Guntur, mtu mpole anayesikia mvua kabla haijafika. Tulifunga ndoa kwenye ofisi ya serikali kabla ya sikukuu ya Dasara mwaka jana, kimya, ili mwenye studio asijue.

Mtoto atazaliwa Julai. Mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama, hata binti wa maskini hurudishwa kwao. Naomba nije. Muulize baba. Sijui utamuulizaje mtu habari za binti ambaye anasema hanaye, lakini muulize.

Mwanao Sesha


Madras,
20 Mei 1957

Mama,

Shikamoo. Labda barua yangu imepotea. Labda haijapotea. Nazunguka na hayo mawili kutwa nzima.

Sinema imeanza kuonyeshwa. Wanawake wanavua ndala mlangoni kabla ya kuingia, wengine wanafukiza ubani mbele ya bango langu. Mimi nimekaa ndani na mapazia yamefungwa, kwa sababu mwenye studio amejua na hataki nionekane na tumbo. Nafasi ya mungu kwenye sinema ijayo amempa msichana wa miaka kumi na sita. Mimi nikishajifungua nitaigiza mama wa shujaa, na huyo shujaa ananizidi umri. Prabhudas anasema kazi ni kazi. Mimi nasikia kama bado napiga ile sinema, na hakuna anayeniambia tumefika sehemu gani.

Kama jibu ni hapana, liandike tu. Hapana nitaiweza. Kutojua ndiko kunakonimaliza.

Mwanao Sesha


Kummaripalem,
12 Juni 1957

Mwanangu Sesha,

Barua zako zote mbili nilizipata. Niliandika majibu nikayachana, kwa kuwa kila nililoandika halikuwa langu mimi peke yangu kulisema. Hujambo? Miguu imevimba? Usikae sana.

Mtaa mzima tulikwenda mjini Rajahmundry kuiona sinema yako. Baba yako alioga, akavaa nguo yake nyeupe, akabeba nazi. Ulipotokea akaunganisha viganja mbele ya paji la uso. Sesha, alikuinamia. Nilimtazama kwa pembeni, sikujua nicheke au nilie, na sikujua kama yeye anajua anamwinamia nani.

Kisha malkia akafika kwa mfinyanzi, na mfinyanzi wenu yule akasita. Ameshika komeo, anamtazama mkewe, anafikiria watu watasema nini. Baba yako akasimama gizani. "Mfungulie, mwehu wewe. Unangoja nini?" Watu wakamwambia kaa chini mzee, halafu na wao wakaanza, "Mfungulie, mfungulie."

Alipoketi nikamnong'oneza. Nikasema, Sesha yuko hivyohivyo kweli. Ana mimba, ameolewa na Mkristo, anaomba kuzalia kwetu. Akaishika nazi yake kwa mikono miwili. Siku zilizofuata alizunguka uani kama mtu aliyesahau alichotoka kutafuta. Mara moja tu aliniuliza, "Alijifunza wapi kuketi vile kwenye gurudumu?" Nikamwambia, kwangu, wewe ukiwa unatazama.

Sikukuu ikaja. Akatandika mkeka, akaweka chungu. Asubuhi nilikwenda kuukunja, akasema niuache. Nikauliza ni wa nani. "Wa anayekuja." Nikauliza, Ponnamma au Sesha? Akakasirika. "Mimi nitajuaje? Uache tu." Basi mkeka bado upo. Kuku wanaulalia, anawafukuza, na kila asubuhi anabadilisha maji.

Jana alikwenda kuazima gari la ng'ombe. Panda treni, mwanangu. Mumeo naye aje. Sijui Mkristo anasalimiwaje, nitampa maji kwanza, mengine tutajua mbele.

Baba yako atakuwa stesheni. Ukishuka akakuunganishia viganja, usicheke, wala usikimbilie kumgusa miguu. Atakuwa amechanganyikiwa. Mpe sanduku abebe.

Mama yako