Barua Isiyoomba Kisamvu

Mikumi
9 Juni 2024

Kwa mke wangu mkubwa, Bibi Hildegarda,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo Bibi. Natumaini magoti yametulia na yule jogoo wako mwekundu bado anawafukuza wapita njia. Mimi huku ni mzima kiasi. Malori hayakomi, matairi yanapasuka kama yamelipwa, bosi wetu Abubakari anachekelea na sisi mafundi pancha tunavunjika migongo.

Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu unaijua simu yako. Ukiiweka sauti ya juu ili usikie, Masanze nzima inasikia pamoja na wewe. Mara ya mwisho jirani yako Fausta alinijibu kabla yako. Barua hii nampa Bonifas wa pikapu ya mchele.

Sasa mke wangu, mumeo amepata ajali ya kuchekesha. Alhamisi nilikuwa navua tairi la lori kwenye ringi. Mtaimbo ukateleza, ukaruka, ukanipiga pale ambapo wewe kama mke una haki ya kulalamika. Nikakaa chini, nikatapika chai yote mbele ya madereva. Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Gabrieli, tunayefanya naye kazi, akaniambia nirukeruke kwa visigino, eti mambo yatarudi mahali pake. Nimeruka. Upande wa kushoto umevimba, umekuwa mweusi kama bilinganya, na natembea kama bata. Je, huwa panapona penyewe? Harusi ni Septemba, na sitaki Loveth aambiwe kuwa ameuziwa gari bovu.

Mama usimwambie, na Baba ndiyo kabisa. Haya mtu atamwambia nani kama si bibi yake?

Mumeo,
Ditram


Masanze
10 Juni 2024

Mume wangu mdogo mwenye makeke,

Milele amina. Marahaba. Magoti ni yale yale, jogoo naye ni yule yule, na mahindi tumeanza kuvuna. Mama yako Regina hajambo, baba yako Yeremia anakohoa lakini anakula.

Barua yako nimeisomea mlangoni, nikacheka mpaka Fausta akaja kuuliza kama nimeshinda bahati nasibu. Nikamwambia mume wangu ameumwa na nyuki. Unaona sasa? Umekwenda kuposa mke mdogo kule Ruaha bila kuniaga, na mtaimbo umenilipia kisasi. Mwambie Loveth gari likimsumbua asinirudishie, mimi nimelisukuma tangu linatambaa, nimechoka.

Chemsha maji, tia chumvi, jikande asubuhi na jioni. Usibebe ringi. Wanaume mna kelele, mkiguswa kidogo mnataka kuandika wosia.

Mke wako mkubwa,
Hildegarda


Masanze
11 Juni 2024

Ditram mwanangu,

Shikamoo utanipa baadaye. Soma hii ukiwa umesimama, kama unaweza kusimama.

Leo asubuhi nilikuwa nachuma kisamvu, nikaacha mikono hewani. Tangu ulipojua kushika kalamu hujaniandikia barua bila kuomba kisamvu cha nazi. Ulipofeli mtihani uliomba. Ulipoibiwa simu stendi uliomba. Nikarudi ndani, nikaisoma barua yako kuanzia salamu hadi jina. Kisamvu hakimo. Nikajua una maumivu kuliko unavyosema. Nikaisoma tena bila kucheka: umetapika, umevimba, umekuwa mweusi, unashindwa kutembea. Hayo yote uliniandikia, nami nikayajibu kwa mzaha kwa sababu mimi na wewe tumezoea mzaha. Utani wetu umenitia upofu.

Nimekwenda zahanati kwa muuguzi Letisia, nikamwambia ni kijana wa watu. Hakuuliza watu gani. Amesema mwanaume akipigwa hapo, maumivu yakaisha baada ya muda mfupi na pasivimbe, apumzike tu, avae chupi ya kubana na aweke kitu cha baridi kilichofungwa kwenye kitambaa. Lakini pakivimba na kuwa peusi, au akitapika, au mkojo ukawa na damu, au korodani moja ikapanda juu kuliko mwenzake, hapo si pa kusubiri hata jioni. Aende hospitali penye upasuaji, apigwe picha. Tena amesema hata maumivu yakipoa ghafla asifurahi, huenda ndani kumeshaharibika. Kurukaruka amekuita ujinga. Maji yangu ya moto amesema yanazidisha uvimbe. Yaache, mwanangu. Yamwage sasa hivi.

Namjua mwanaume mmoja aliyepigwa teke na maksai hapo hapo, akanyamaza kwa aibu. Nusura tumzike. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Nimekupigia simu tangu asubuhi, unakata. Najua unachoogopa. Basi sikiliza. Bonifas nimemwambia unaumwa tumbo na asiondoke Mikumi mpaka akufikishe hospitali. Ukimkatalia, nitampigia Abubakari, nimwombe naye aweke sauti ya juu mbele ya madereva wote, kisha nitauliza habari za korodani zako kwa sauti ile ninayowaitia mbuzi. Unajua kwamba naweza.

Nenda, Ditram. Nakuomba. Mimi nimezika mume, sina nguvu ya kuzika mjukuu.

Bibi yako


Hospitalini, Mikumi
17 Juni 2024

Bibi,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama. Samahani kwa kukaa kimya, nilimwambia Bonifas akuambie tu kwamba napumua.

Aliponipa barua yako nilikuwa nimelala nyuma ya duka juu ya matairi mabovu. Siku hiyo maumivu yalikuwa yamepoa na nilikuwa nashukuru Mungu. Nilipofika pale uliposema nisifurahi, nikaogopa. Bonifas alinibeba mgongoni kutoka kwenye gari hadi ndani. Daktari alipogusa tu akaita wenzake. Wakapiga picha ya ultrasaundi, akanionyesha kwenye kioo. Ganda la korodani ya kushoto lilikuwa limepasuka, damu imejaa humo na kuibana. Akaniuliza ni lini, nikamwambia Alhamisi. Akauliza, ni Alhamisi ya wiki iliyopita? Nikasema ndiyo. Akamwambia muuguzi aandae chumba cha upasuaji, na mimi nikaelewa.

Jioni ile ile wakanipasua. Walitarajia kusafisha damu na kushona ganda, kama wanavyofanya kwa mtu aliyewahi. Kwangu nyama yote ilikuwa imekufa. Wameiondoa, Bibi. Daktari amesema ningewahi siku ile au kesho yake huenda ingepona. Na amesema ningeendelea kukaa, ningeweza kupata usaha na kufa nayo. Ya kulia ni nzima. Anasema moja inatosha kwa kila kitu, ndevu, nguvu na watoto. Ameyasema kwa upole mara nyingi, lakini daktari kazi yake ni kupoza watu.

Gabrieli analeta uji kila siku. Akikumbuka kunirusharusha analia, inabidi mimi mgonjwa nimbembeleze. Mama na Baba uwaambie nimepasuliwa ngiri.

Loveth nilimdanganya kwamba nimesafiri. Simu zake sipokei. Nimeamua nimwachie njia kabla padre hajaanza kututangaza kanisani. Ni binti mzuri, atapata mwanaume kamili. Uende kwao wewe, useme nimebadili mawazo, wanikasirikie tu. Ni afadhali wanichukie kuliko wanihurumie.

Na tafadhali, usinitanie tena. Najua si kosa lako. Ila sasa kila utani unaingia pale pale.

Mjukuu wako,
Ditram


Masanze
20 Juni 2024

Ditram mjukuu wangu,

Marahaba, baba. Mimi ni mzima wa mwili. Barua yako nimeisomea chumbani, mlango nimefunga, na Fausta nimemfukuza.

Nimelia. Nimelia kwa ajili ya ile barua yangu ya kwanza, kwamba ulininong'oneza nami nikakucheka, na kwa ajili ya maji ya chumvi. Ukinisamehe nitashukuru, na ukikawia nitasubiri. Utani nimeuweka juu ya dari kama ulivyotaka.

Ila kwao Loveth siendi. Magoti hayataki, na mwenye magoti hataki.

Nilikuandikia habari za mwanaume aliyepigwa teke na maksai. Sikukutajia jina kwa sababu halikuwa langu peke yangu. Sasa mwenyewe yuko mbele ya Mungu na nadhani atanisamehe. Ni babu yako Nikolaus.

Alikuwa hajanioa. Alikuwa anafunga nira asubuhi, maksai akarusha mguu. Naye alinyamaza, akajikanda, akaenda shamba akitembea kwa kujikaza. Walimpeleka hospitali ya misheni kwa machela, homa imempanda hadi anaongea na marehemu. Alirudi amekonda, na moja. Baba yake alimwambia asiseme neno mpaka pete iwe kidoleni mwangu.

Hakumsikiliza. Jumamosi kabla hatujatangazwa kanisani alikuja kwetu, akanikuta napepeta mpunga. Hakukaa. Akanieleza yote akiwa ameshika kofia, halafu akasema, "Una ruhusa ya kukataa, nami nitasema mimi ndiye niliyekataa." Nikamuuliza kama hiyo iliyobaki inafanya kazi. Akasema, "Sijui, Hildegarda." Nikamwambia, basi tutajua.

Tulijua, Ditram. Watoto sita. Mara moja walikuja wawili kwa mkupuo, mpaka nikamwomba apumzike. Mama yako ni wa tano. Ile pua yako ndefu unayojivunia imepita huko huko. Mama yako hajui na wajomba zako hawajui, kwa maana hapakuwa na sababu ya kujua. Hakuna siku nyumba ile ilipungukiwa na mwanaume.

Lakini kilichonifanya nimpende babu yako hadi leo si watoto. Ni kwamba alikuja kusema mwenyewe kwa mdomo wake, wakati bado naweza kukataa. Hiyo haki unataka kumnyima Loveth. Unamwamulia kwamba hakutaki, halafu unaiita huruma. Mpe nafasi achague. Akikataa, utaumia na utapona, nami nitakuja huko hata kwa machela. Lakini asikatae mtu ambaye hajamsikia.

Nakupenda, mwanangu. Nilikupenda ukiwa na mbili na sijaona kilichopungua.

Bibi yako,
Hildegarda


Mikumi
15 Julai 2024

Bibi,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo nyingi. Habari za magoti, na Mama, na kikohozi cha Baba? Mimi nimetolewa nyuzi na kidonda kimefunga. Abubakari ameniweka kwenye kupima upepo mpaka mwezi uishe, na kuvua ringi sasa tunasimama ubavuni, si mbele ya mtaimbo.

Barua yako niliibeba mfukoni siku nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Halafu nikapanda gari kwenda Ruaha. Nilimkuta Loveth kibandani kwake anamenya viazi vya chipsi. Hakuniamkia. Nikasimama kama Babu, ila sikuwa na kofia ya kushika, nikashika karai la maganda. Nikasema yote. Mtaimbo, kuruka, uongo wa safari, upasuaji. Nikasema ana ruhusa ya kukataa.

Akaweka kisu chini. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote, Bibi. Kuhusu watoto, kuhusu ndugu zake watasema nini. Akaniuliza, "Bado panauma?"

Nikalia pale pale mbele ya wateja. Yeye akanitukana kwanza, kwamba amelia wiki nzima kwa ajili ya mwanamke wa Mikumi kumbe mwanamke mwenyewe ni chuma. Akanipiga begani. Halafu naye akalia. Habari za Babu nilimsimulia baadaye, baada ya kuwa ameshakubali, ili nijue amenikubali mimi. Alicheka sana kwenye ile ya mapacha. Jana padre ametutangaza mara ya kwanza.

Jingine. Jumamosi Gabrieli alipigwa mpira hapo hapo uwanjani. Wote wakaangua kicheko, naye akaanza kurukaruka. Nilimkamata mkono nikampandisha bodaboda, analalamika njia nzima kwamba ni aibu. Wamempiga picha, ni mzima, ni uvimbe mdogo tu. Amerudi na chupi ya kubana na barafu, na hataki kunisemesha. Mimi nimelala vizuri.

Jumapili ijayo nakuja na Loveth aje amwamkie mke mwenzake. Ule utani ulioweka juu ya dari, ushushe, uupanguse vumbi, maana ameuliza kama ni kweli una ulimi mkali.

Na kisamvu, Bibi. Kiwe cha nazi, sufuria kubwa, na Fausta asionjeshwe kabla sijafika.

Mumeo,
Ditram