Neno Nililolifuta kwenye Wasifu Wako

Mama,

Ni mimi, Minza. Usidhani nakuandikia kwa sababu nimekukumbuka tu, ingawa kukukumbuka nakukumbuka kila ninapobandika chai. Nakuandikia kwa sababu nilikufanyia jambo la aibu, tena ukiwa umelala kwenye jeneza, huwezi hata kunigeuzia jicho. Wanasema aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Hapa, Mama, aibu ni ya mwosha mwenyewe.

Wasifu uliosomwa siku ya maziko yako niliuandika mimi. Mjomba Masanja, mdogo wako, aliusoma tu. Niliandika kwamba ulizaliwa hapa Kisesa, ukasomea ualimu, ukafundisha mpaka ukastaafu, na kwamba ulikuwa mwalimu wa Sayansi. Basi, nikaweka nukta. Mwanzoni nilikuwa nimeandika Sayansi Kimu. Nikaisoma mara mbili, nikalifuta lile neno la pili. Sikusahau. Nilifuta kwa mkono wangu huu.

Unajua kwa nini? Walimu wenzangu wa kemia walikuwa wanakuja kutoka mjini, pamoja na mkuu wangu wa shule. Sikutaka wakae chini ya turubai wasikie kwamba mama yake Mwalimu Minza alifundisha kupika na kushona. Sababu yenyewe ndiyo hiyo, haina kichwa wala miguu.

Mjomba alipofika pale akasoma, "mwalimu wa Sayansi." Kabla hajavuta pumzi, kina mama wa nyuma, wale wanafunzi wako wa zamani, wakaitikia kwa pamoja: "Kimu!" Nikainamisha kichwa nikajifanya nafuta machozi. Mjomba akaitazama karatasi, akanitazama mimi, kisha akawaambia watu, "Mtanisamehe ndugu zangu, haya macho ya uzee yanaruka maneno." Watu wakacheka kidogo, maziko yakaendelea. Mimi nikaacha lawama imwangukie. Mpaka leo akipita dukani wanamtania, "Mzee Masanja, Kimu umeiona?" naye anacheka nao. Hakuwahi kuniuliza hata siku moja. Heri angenigombeza.

Na haikuwa mara ya kwanza. Nilipokuwa kidato cha pili, pale shuleni kwako, wasichana wakiniita mtoto wa Mwalimu Vitumbua, tulijazishwa fomu ya kazi ya mzazi. Nikaandika hivyo hivyo, Sayansi. Fomu ikafika mezani kwako. Ulichukua kalamu nyekundu, ukaongeza neno, ukanirudishia. "Umeruka neno, mwanangu." Nami nikanuna wiki nzima, eti umenidhalilisha!

Siwezi kujitetea kwamba sikujua. Ulinieleza mara ngapi? Ulikuwa ukisema somo lako lilizaliwa vibaya, likalelewa vizuri. Masista waliowafundisha enzi za mkoloni walitaka mtoke hapo mkiwa wake wazuri wa makarani. Mkatarizi vitambaa vya meza wakati nyumbani kwenu meza haipo. Mkaoka keki ya mayai sita kwenye oveni wakati mama zenu wanapikia mafiga matatu. Ulikuwa ukifika kwenye hayo mayai sita unacheka mpaka unashika ubavu.

Baada ya uhuru somo likapewa jina jipya, Sayansi Kimu, nawe ukalipenda. Kila darasa jipya, siku ya kwanza, uliandika ubaoni KUKIMU, halafu unauliza maana yake. "Walimu wenzangu wakilisikia wanawaza posho ya kujikimu tu," ulisema. "Kukimu ni kumtimizia mtu anachohitaji ili aishi. Sasa niambieni, sayansi gani ni kubwa kuliko hiyo?" Keki ukaiweka pembeni, ukaleta dagaa wa ziwani, karanga na michembe, viazi vyetu vilivyokaushwa. Mkapima, mkaandika, mkalinganisha uji upi unamnenepesha mtoto. Ile juisi ya rosela inayobadilika rangi ukitia magadi niliiona kwanza jikoni kwako. Leo naitumia kufundishia asidi na besi. Wanafunzi wakiniuliza nilijifunza wapi, najibu chuo kikuu. Ndiyo, Mama. Hata hiyo nimekuibia.

Halafu somo likaanza kusinyaa. Shule za msingi wakalichanganya na mengine, sekondari mabinti wenye alama nzuri wakaambiwa waende fizikia. Jiko lako la shule likageuzwa stoo ya madawati mabovu. Siku hiyo ulirudi ukakaa kitandani na viatu vyako miguuni. Nikakuona. Nikakwambia, "Mama, dunia inabadilika." Ee Mungu wangu! Ndivyo nilivyokufariji.

Juzi alikuja Kabula, yule mwanafunzi wako anayepima watoto uzito kwenye zahanati huko Sengerema. Siku hizi pale Kigongo watu wanapita darajani, habari za kusubiri kivuko zimekwisha, ungefurahi. Aliniletea mfuko wa unga wa uji. Kule kina mama wanauita unga wa Mwalimu, wanausaga kwa vipimo vile vile ulivyowaandikisha. Tukanywa chai. Wakati wa kuaga akasema, "Dada Minza, kwenye msalaba wa Mwalimu mwandike somo lake. Tena msimwachie Mzee Masanja, macho yake si unayajua." Akacheka. Nami nikajibu nini? "Tutamsaidia." Nilimwambia hivyo, Mama, nikamsindikiza mpaka barabarani nikitabasamu.

Nikarudi ndani nikashindwa kukaa. Nilijichukia kama sijawahi kujichukia.

Leo asubuhi nimekwenda kwa Mjomba. Nikapiga magoti kumwamkia, nikabaki hapo hapo chini, nikamweleza yote, mpaka habari ya mkuu wangu wa shule. Alikuwa anapukuchua mahindi, hakuacha. Akaniambia, "Macho yangu ni mazima, Minza. Kusoma nilifundishwa na dada yangu." Kisha akanisogezea beseni nimsaidie. Nimelia juu ya yale mahindi mpaka akanikataza.

Jumamosi tunasimika msalaba wako. Watakuja wale wale, kina mama wote na Kabula. Walimu wenzangu nimewaalika mwenyewe, na mkuu wa shule kasema atafika. Nakuahidi hivi: wasifu nitausoma mimi, nikiwa nimesimama, wote tangu mwanzo. Nitawaambia ni nani aliyefuta, na kwamba Mjomba alinibebea lawama. Naogopa, sikufichi. Wakinicheka, wana haki. Na Jumatatu, darasani, nitawataja wanafunzi wangu jina la aliyenifundisha kemia kabla sijaijua kwa jina hilo.

Pumzika, Mama. Nilikuwa mwanafunzi wako kwa miaka yote ya sekondari, na ni mimi peke yangu, shule nzima, niliyekataa kukuamkia kama wenzangu. Nakuamkia leo.

Shikamoo, Mwalimu.

Minza