Droni ya Harusi ya Bushra

Munje, 5 Agosti 2024

Mwanangu Idris,

Assalaam aleikum. Sisi hatujambo, ila goti langu na vituko vyake. Na wewe, kifua kimepoa?

Nimesikia huko kazini wamekunyima ruhusa ya kuja kumwoza dada yako Ijumaa. Watu gani hao! Haya, usinune. Nimepanga jambo, na harusi ya Bushra utaiona hukohuko Diani. Usiniulize, sisemi ng'o.

Mama yako

Diani, 11 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo. Hata kukuuliza hali naona haya.

Polisi waliovamia harusi waliitwa na sisi walinzi wa hoteli, na neno lililowaleta ni langu. Kazi yangu ni kukaa mbele ya mtambo unaonasa droni na kusema hii ya heri, hii ya shari. Ijumaa wageni wakubwa walikuwa wapite barabara ya Msambweni. Mtambo ukanasa droni juu ya Munje. Mkubwa wangu akaniuliza, "Wewe si wa huko? Unaijua?" Papo hapo simu ikaita, ni wewe. Nikaizima, mama, nisionekane mtu wa simu kazini. Nikajibu, "Siijui. Huenda ni ya shari."

Nisamehe. Wakwe wanasemaje?

Mwanao Idris

Diani, 30 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo. Wazima huko? Nitukane basi, lakini niandikie.

Mwanao

Munje, 3 Oktoba 2024

Idris,

Marahaba. Tu wazima. Goti bado.

Nilikuwa na hasira, tena na aibu. Mkwe wetu Mzee Kheri, babake bwana harusi, alilazwa kifudifudi mchangani na kanzu yake ya harusi, wajukuu wanamtazama. Nilikwenda kumwomba radhi. Alinipa, lakini chai yetu hajainywa hadi leo. Majirani nao, "Kikulacho ki nguoni mwako." Sokoni siendi.

Droni ile niliikodi mimi. Kavumbi, yule mpiga picha wa Kikoneni, aliniahidi kuirusha ili uione harusi kwenye simu yako. Ndiyo maana nilikupigia. Polisi wamemrudishia juzi, na kipande cha video kilichosalia atakutumia.

Utatuona sote uani, Bushra na buibui lake, Mzee Kheri na bakora yake, tumeinua nyuso tunacheka. Nilikuwa nimewaambia, "Mpungieni mkono Idris, anatuona."

Mama yako